Mpaka Majani Yafe

Papa Venant alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Mpe kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, na watu watatu wa kumwitikia, naye atakugawia nusu ya kilima cha Nyantende kabla kibuyu hakijaisha, kisha kesho yake asikumbuke hata neno moja. Watu wa kilima walishamzoea. Lakini mwezi wa tatu wa mwaka 1997 alisema neno mbele ya mtu aliyelikumbuka. Mtu huyo alikuwa mwanamke, tena mpishi, na hilo ndilo lililomchoma Papa Venant kuliko yote.

Mpishi mwenyewe aliitwa Colette M'Cirhuza, yaani binti wa Cirhuza. Alikuwa amepika miaka kumi na minne katika nyumba ya masista mjini Bukavu, na mikono yake bado ilinuka vitunguu hata siku za Jumapili. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa 1996, masista walitawanyika. Sista Sophie, aliyekuwa akisimamia bustani na jiko, alimwachia kitu pekee ambacho hakuna askari angekitamani, gunia la mizizi ya asperji. Colette alikuwa mjane mwenye mabinti wawili na hakuwa na pa kwenda. Alilitia gunia kichwani akatembea mpaka Nyantende, kwa wifi yake Martine.

Asperji ni mmea wa ajabu kidogo. Machipukizi yake hutoka ardhini yamenyooka, manene kama kidole gumba, na hayo ndiyo yanayoliwa. Yale usiyoyakata hupanda juu na kufumka majani membamba, laini, mpaka shamba zima linaonekana kama lina nywele. Mjini kulikuwa na watu waliokuwa tayari kuyagombania, watu wa mashirika, mapadri, na familia za Muhumba, mtaa wa matajiri, zilizokuwa zimeonja mambo ya Ulaya. Nyantende hakuna aliyejua hata jina lake.

Colette alihitaji udongo, na udongo ulikuwa wa Papa Venant. Aliupata kwa bwasa. Kwa wasioijua, bwasa ni kuazimwa shamba kwa msimu, na sharti lake linajulikana hata na watoto. Panda maharage, panda viazi, panda kitu utakachong'oa msimu ukiisha. Usithubutu kupanda mgomba wala mbuni, maana mmea unaobaki ardhini unambakiza na aliyeupanda. Papa Venant alikuja kukagua siku majani yalipoanza kutoka. Alikuwa na kibuyu chake, na alikuwa na wasikilizaji, akiwemo Placide, katekista wa kilima. Aliyatazama yale manyoya ya kijani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii njo unaita chakula, Maman Colette? Hii ni majani ya mbuzi! Kaa apa, kaa tu! Shamba ni yako mpaka hiyo majani yako ife!"

Watu walicheka naye. Colette peke yake hakucheka. Alimgeukia Placide.

"Katekista, umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

Neno likawa limefungwa hapo, mbele ya pombe na mashahidi, na Nyantende nzima ikaenda kulala. Papa Venant alikuja kugundua mwaka mmoja baadaye, kwa mdomo wa binamu yake wa mjini, kwamba asperji ikitunzwa huishi miaka kumi na mitano. Inasemekana siku hiyo hakugusa hata ugali.

Mambo yalimnyookea Colette kwa muda. Kila Ijumaa yeye na Martine waliteremka Bukavu na vikapu, machipukizi yamefungwa mafungu mafungu kwa magome ya mgomba, na walirudi na vikapu vitupu wakiimba. Alilima kama alivyopika, bila kutupa kitu. Majani yaliyokauka aliyakata na kumtandikia ng'ombe wa Martine, aliyeitwa Furaha. Furaha aliyakanyaga, akayalalia, akayachanganya na samadi, na samadi ikarudishwa kwenye mistari ya asperji. Kila mtu wa milima hii ya Bushi hufanya hivyo na kila mtu angekusifu. Ingekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na wewe pia.

Vita vya pili vilipoanza, mwezi wa nane wa 1998, barabara ilijaa watu wenye bunduki. Mwezi wa kumi na moja kundi moja lilipita Nyantende na likaondoka na Furaha, majembe matatu na sufuria kubwa. Lilimwachia Colette mwiko. Martine alilia siku mbili kwa ajili ya ng'ombe wake. Colette hakulia, alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya aina isiyoweza kukaa kitako. Wiki ile asperji zilikuwa zimezaa vijitunda vyekundu. Akavichuma, akapanda juu kwenye ngazi ya mwisho ya shamba lile la matuta, mahali pa mawe pasipowahi kulimwa, akachimba vishimo kwa ule mwiko na kufukia mbegu. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuona kitu kikiota ambacho hakuna aliyemwona akikipanda.

Ugonjwa ulijitokeza wazi kiangazi cha mwaka 2000. Kwanza shina moja liligeuka manjano katikati ya mashina mabichi. Wiki iliyofuata yakawa manne, kisha mstari mzima. Ukivuta shina linakuja lote mkononi, na chini yake mizizi ni maganda matupu. Kiangazi hicho kilikuwa kirefu, udongo uliunguza nyayo, na mvua iliyokuwa ikitegemewa katikati ya mwezi wa tisa haikuonekana. Kilima kizima kilisema ni klima, yaani hali ya hewa, dunia imeharibika, mabomu yametoboa mbingu. Wengine walimtazama Martine kwa jicho la pembeni, wakinong'ona juu ya dawa na wivu wa mawifi. Colette alimsikia mmoja wao na akamwambia maneno ambayo mpishi wa masista hakupaswa kuyajua.

Na Papa Venant akaanza kuja kutembea. Alikuja Jumanne, akaja Alhamisi, na fimbo yake, akihesabu mistari kwa sauti.

"Hii imekufa. Hii nayo imekufa. Hii inapumua pumua. Mimi sina haraka, Maman."

Colette alimjibu kwa adabu, akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda. Shamba lile ndilo lililolisha mabinti zake. Mjini chumba chake kilishakaliwa na wengine. Majani yale yakifa yote, hakuwa na mahali pengine duniani pa kusimika hata jembe, na alijua kwamba Papa Venant hatasahau neno lake safari hii.

Placide ndiye aliyemwita Jean-Baptiste, mwagronomo, yaani mtaalamu wa kilimo, wa kituo cha utafiti, mtu mrefu aliyezungumza polepole. Gari la kituo lilikuwa limechukuliwa na vita, kwa hiyo alikuja kwa miguu, na kipimajoto mfukoni. Alikichomeka kipimajoto udongoni, akakisoma, akatikisa kichwa. Kisha aling'oa shina moja, akalipasua mzizi kwa kisu na kumwonyesha Colette michirizi myekundu, kama kutu, iliyopita katikati.

"Unaona hii rangi? Ni kuvu, Maman. Kwa Kifaransa banaita fusariose. Inaingia kwa mizizi, inafunga njia ya mayi. Mumea inakufa na kiu ata kama mvula inanyesha."

"Batu banasema ni klima."

"Klima iko inaisaidia tu. Udongo ikiwa ya moto, kuvu inaamuka, na mumea yenye ilichoka na jua haiwezi kupigana. Lakini jua haikuileta. Ilikuya na kitu."

"Na dawa?"

"Hakuna. Apa hakuna, na Ulaya hakuna. Choma yote. Mu hii udongo panda mahindi, panda viazi, lakini asperji, usirudishe miaka mingi."

Colette alicheka kicheko kikavu. Alimweleza habari ya Papa Venant na neno lake. Jean-Baptiste alifuta kisu, akakirudisha mfukoni. Alikuwa anaaga alipoona, juu kabisa ya shamba, ukanda wa kijani.

"Na ile kule ni nini?"

Walipanda. Palikuwa na miche arobaini na mitatu ya karibu miaka miwili, mirefu hadi kiunoni, bila jani moja la manjano. Colette alikuwa ameifunika chini kwa majani ya migomba ili udongo usipate jua, na hakuwahi kukata hata chipukizi moja. Jean-Baptiste alichomeka tena kipimajoto, akatoa macho kwa jinsi udongo ulivyokuwa baridi.

"Hii uliipa mbolea?"

"Ya wapi? Ng'ombe walimubeba."

"Ulilima na jembe gani?"

"Jembe nazo walibeba. Nilichimba na mwiko."

"Na mizizi ulitoa mu ile mistari ya chini?"

"Hapana, ni mbegu. Niliziosha mu mayi ya Javel, kisha nikapanda."

"Nani alikufundisha kuosha mbegu?"

Colette alimshangaa mtu asiyejua kazi ya Javel, dawa ile kali ya kuua vijidudu. "Kila kitu kibichi kinapita mu Javel, Papa Jean-Baptiste. Tangu kolera, Sista hakukubali ata nyanya moja iingie mu jikoni bila Javel. Mikono inafanya yenyewe tu."

Mwagronomo alikaa chini juu ya jiwe, na suruali yake safi, akaanza kucheka. Alimweleza yote. Kuvu ilikuja ndani ya mizizi ya Sista Sophie, imelala. Ilipoamka mara ya kwanza, Colette alikata yale majani makavu akamlaza Furaha juu yake, na samadi ikaibeba kuvu ikaisambaza mstari kwa mstari, na jembe likamalizia kazi. Huku juu hakukufika samadi, wala jembe, na Javel ilisafisha ganda la mbegu.

"Kumbe benye walikuibia njo benye walikuokoa!"

"Usinifanye nishukuru bezi," alisema Colette. "Furaha alikuwa ng'ombe muzuri."

Jean-Baptiste akaacha kucheka, akamwambia lililobaki. Mvua zikianza, miguu ya watu na matone ya maji yatapandisha udongo wa chini mpaka juu, na msimu mmoja tu unatosha. Akitaka kuokoa hii arobaini na mitatu, ya chini lazima iungue sasa, ingali kavu, hata ile inayopumua.

Hapo ndipo palipokuwa na utata wote. Mistari ya chini ndiyo aliyoitaja Papa Venant. Kati ya mashina yale bado themanini hivi yalikuwa na ukijani, na kwa ukijani huo Colette angeweza kukaa mwaka mwingine, labda miwili, shamba likiwa lake mbele ya kila shahidi. Akiyachoma, anaichoma haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiyaacha, anaiua miche ile ya juu, watoto wa mashina yale, ili mama zao wafe polepole.

Alifikiria siku tatu huku akichambua maharage. Alikumbuka asubuhi moja ya mwaka wa kolera, jikoni kwa masista. Chungu kizima cha mchuzi, cha watu sitini, na ndani yake kikombe kimoja cha maji yasiyochemshwa. Sista Sophie alikimwaga chote, na watu sitini wakala ndizi kavu wakinuna. Lakini hakuna aliyeugua. Colette alisimama, akapangusa mikono na kuchukua kiberiti.

"Unachoma shamba yetu!" Martine alipiga kelele alipoona moshi. "Colette, unatuchoma siye bote!"

"Lete mingine," alisema Colette. "Lete ata ile ya kijani."

Martine alimtazama usoni, akamwona machozi, akaacha kelele, akaanza kubeba. Walishinda kwenye moshi siku nzima, wanawake wawili na mabinti wawili, mpaka ikabaki ardhi nyeusi tupu. Moshi ule ulionekana kilima kizima. Papa Venant aliuona akiwa kwake, na inasemekana aliagiza kasiksi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Jumapili, baada ya misa, Papa Venant alifika na koti lake la sikukuu, viatu vinang'aa, na nyuma yake Placide na wakulima ishirini hivi wenye migomba yao pale kilimani. Alisimama kwenye majivu akatoa hotuba. Alisema yeye ni mtu wa neno lake. Aliahidi shamba mpaka majani yafe, na majani yamekufa, tena kwa kiberiti cha mwenyewe. Sasa amwombe Maman Colette, kwa upole, atoe vyungu vyake.

"Haikufa," alisema Colette. "Iko juu. Mukuye muone. Lakini kwanza kila mutu anavua viatu na kunawa miguu."

Alikuwa ameweka beseni la maji ya Javel chini ya ngazi. Kuvu inapanda na miguu, alieleza, na hata askofu angepita kwenye beseni. Placide alivua wa kwanza, na wengine wakafuata, wakicheka na kukunja pua kwa ile harufu. Papa Venant hakusogea.

"Mimi nivue viatu? Mu shamba ya baba yangu?"

"Basi baki, Papa."

Akabaki peke yake majivuni. Wenzake walipofika juu alisikia wakipaza sauti, maana mvua ya Alhamisi ilikuwa imefanya kazi yake. Kati ya majani ya migomba machipukizi yalikuwa yametoka kila mahali, manene, yamesimama wima, mengine yakiwa bado na udongo kichwani. Martine alikuwa anayahesabu akapotea njiani, akaanza upya.

"Hiyo ni ingine!" Papa Venant alifoka kutoka chini. "Yenye niliahidi imekufa! Hiyo ni batoto yake! Sikuahidi batoto!"

Kicheko kilikatika. Watu walitazamana, na Placide akajikuna kidevu, kwa sababu neno ni neno. Colette alisogea mpaka ukingoni mwa ngazi, akamtazama yule mzee aliyesimama chini na koti lake.

"Papa Venant, naomba kuuliza. Ile shamba yako ya ndizi, yenye iko nyuma ya nyumba, ilitoka wapi?"

"Ni ya baba yangu! Kila mutu anajua. Alipanda mu trente-huit, mwaka ya 1938, na mwami, mutawala ya inchi, akasema kilima ni yake wakati yote migomba yake inasimama."

"Leo kuna mugomba ata moja yenye alipanda na mukono yake?"

Papa Venant aligonga fimbo majivuni.

"Mugomba inazaa mara moja, tunaikata, inaoza," alisema Colette. "Yenye inasimama kwako ni batoto ya batoto ya batoto. Sasa utuambie, Papa, mbele ya hawa bote. Migomba ya baba yako ilikufa?"

Wakulima wale ishirini walikuwa wamegeuka wote kumtazama Papa Venant, na hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Kila mmoja wao alikuwa na migomba ya babu nyuma ya nyumba, na ardhi chini ya migomba hiyo. Akisema imekufa, amewang'oa wote, akianza na yeye mwenyewe.

"Papa," alisema Placide kwa upole, "jibu."

Papa Venant alitazama fimbo yake, akatazama majivu.

"Haikufa," alisema.

"Hatukusikia uku juu!" mmoja wa wakulima alipaza sauti.

"Haikufa, nimesema! Migomba ya baba yangu haikufa!"

Vigelegele vya Martine vilisikika, nadhani, mpaka Bukavu. Wakulima walipiga makofi, mmoja akamrushia Placide kofia, na mabinti wa Colette walikuwa wanarukaruka pembeni mwa miche huku mama yao akiwafokea wasikanyage. Kisha naye akashindwa kufoka. Alilia na kucheka kwa pamoja, mikono kiunoni, juu ya ngazi ya mawe aliyoichimba kwa mwiko, na hakuona haya hata kidogo. Shamba lilikuwa lake. Lilikuwa lake kwa mizizi, kwa mbegu na kwa mdomo wa Papa Venant mwenyewe.

Akachukua kisu, akakata fungu la kwanza, akawasha moto wa mafiga matatu palepale juu. Maji yalichemka, chumvi ikaingia, na harufu ikaanza kuteremka kilimani. Watu walionja wakikunja nyuso, kisha wakaonja tena bila kukunja. Huko chini Papa Venant aligeuka kwenda, akapiga hatua tano, akarudi.

"Maman Colette," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye njaa. "Hiyo kitu inakuliwa na nini?"

"Kuya uonje, Papa. Chakula iko."

Alilitazama beseni, akainua macho kumtazama Colette. Basi mwenye kilima akajishika kwenye fimbo yake, akainama, akaanza kuhangaika na kamba za viatu. Alivua cha kushoto, akauingiza mguu majini na kukunja uso kwa baridi.

"Na kile kingine, Papa," alisema Colette.